Gari Linapunguza Maji ya Rejeta: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Panapovuja na Kupatengeneza Nyumbani

Malalamiko ni yaleyale: "Nimebadilisha rejeta, maji bado yanapungua." Mwingine kabadilisha mipira yote. Mwingine kashauriwa atoe themostati (valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta), kaitoa, na bado kila asubuhi anafungua boneti akiwa na chupa ya maji mkononi.

Wengi wao wamekosea mahali pamoja: wamenunua spea kabla ya kuona maji yanatokea wapi. Mfumo wa kupoza injini hufanya kazi chini ya presha, na ufa mwembamba unaomwaga maji ukiwa barabarani unaweza kuwa mkavu kabisa gari likiwa limepoa uani. Ukichungulia asubuhi usione kitu, utabaki kukisia. Kwa hiyo usitoe hela dukani mpaka uwe umeliona tone kwa macho yako.

Maelezo haya yanalenga magari madogo ya petroli, hasa Toyota zenye injini ya 1NZ-FE kama IST, Probox na Corolla NZE, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu. Magari mengine yanafuata mantiki hiyohiyo, ila mpangilio wa vipuri hutofautiana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini yanayowekwa kwenye rejeta, ya aina ileile iliyomo kwenye gari. Soma maandishi ya dumu, usitegemee rangi. Kulanti ya pinki ya Toyota ya muda mrefu huuzwa ikiwa imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu, haihitaji kuongezwa maji.
- Maji yaliyochujwa chumvi, ikiwa kulanti yako ni ya kuchanganya. Ukienda dukani kuomba "maji ya betri", hakikisha hupewi asidi: chupa zinafanana na hukaa rafu moja. Maji ya kisima, hasa ya Dar es Salaam na Dodoma yenye chumvi, yaache. Chumvi hiyo huganda ndani ya rejeta.
- Katoni kubwa iliyokunjuliwa, beseni pana, faneli, matambara makavu na tochi.
- Kioo kidogo cha mkononi, cha kuonea sehemu ambazo macho hayafiki.
- Bisibisi, plaizi, spana na boksi za namba 8, 10, 12 na 14.
- Jeki, stendi mbili na vigingi vya magurudumu.
- Glavu na miwani ya kukinga macho.
- Ukiweza, pampu ya mkono yenye geji ya kupimia presha ya rejeta. Si lazima uinunue, gereji nyingi zinayo. Muombe fundi unayemfahamu akuazime, au mlipe akupimie tu.

## Usalama, kabla hujagusa chochote

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na hayachemki kwa sababu tu presha imeyabana. Ukilegeza kifuniko, presha inatoka, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Subiri mpaka uweze kuushika na kuubinya mpira wa juu wa rejeta bila kuungua, nao uwe laini. Hata hapo, funika kwa tambara nene, zungusha kidogo, sikiliza, halafu ndipo umalize.

Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwenye baadhi ya magari. Unapofanya kazi karibu nayo gari likiwa limezimwa, toa waya wa hasi wa betri.

Kulanti ni sumu. Nyingi zina ethilini glikoli, yenye ladha tamu, na utamu huo ndio unaowavuta watoto, mbwa na mbuzi. Usiache beseni wazi hata kwa dakika mbili. Mtu akinywa, mpeleke hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi na uzibe magurudumu.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kulanti kweli

Siyo kila maji chini ya gari ni ya rejeta. Ukiwa umewasha AC, maji safi yasiyo na harufu yatadondoka upande wa abiria. Hayo ni ya kawaida, yaache.

Kulanti ina rangi, inateleza vidoleni na ina harufu tamutamu. Utata unakuja kwenye nyekundu, kwa sababu oili ya giaboksi ya otomatiki nayo ni nyekundu. Chukua tone utie kwenye kikombe cha maji: kulanti itachanganyika na kupotea, oili itaelea juu.

## Hatua ya 2: Weka alama

Asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa sehemu tambarare, weka kipande cha selotepu kwenye tanki la akiba usawa wa maji yalipo. Kisha fungua rejeta yenyewe uangalie. Hapa ndipo wengi wanapotelezea: tanki la akiba linaweza kuwa limejaa huku rejeta ni tupu. Kifuniko kikiwa kibovu au kimpira chembamba cha tanki kikiwa na tundu, injini ikipoa inavuta hewa badala ya kurudisha maji. Maji yakifika mdomoni mwa rejeta, uko sawa. Yakiwa chini, yajaze, na andika umeongeza kiasi gani.

Hii itakuonyesha kasi ya tatizo. Anayeongeza nusu lita kwa siku ana tundu linaloonekana. Anayeongeza nusu lita kwa mwezi anatafuta kitu kidogo sana, na kifuniko ndicho cha kushuku kwanza.

## Hatua ya 3: Safisha na ukaushe

Injini ikiwa imepoa, futa vumbi, grisi na madoa ya zamani kwa tambara lenye maji ya sabuni, hasa kwenye maungio ya mipira, kingo za rejeta na upande wa mkanda. Usimwagie maji ya presha kwenye altaneta, koili na plagi za waya. Kausha kabisa.

Kabla ya kufuta, piga picha. Kulanti iliyokauka huacha ukoko mweupe, wa pinki au wa kijani, na ukoko huo ni ushahidi wa mahali maji yamekuwa yakipita. Ukiufuta bila kupiga picha, umepoteza nusu ya habari.

Tandika katoni chini ya injini, andika upande gani ni mbele.

## Hatua ya 4: Tia presha

Ukiwa na pampu: jaza rejeta, injini ikiwa baridi, funga pampu mahali pa kifuniko. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chako. Kwenye Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1, sawa na takriban psi 13 au 16. Pampu mpaka namba hiyo na usizidishe, maana unaweza kupasua rejeta nzima. Acha dakika 15. Mshale ukibaki palepale, huenda nje hakuna panapovuja, ila kifuniko hakijapimwa hapa. Ukishuka, mahali fulani panatoa maji, na injini ikiwa baridi unaweza kupatafuta bila kuungua wala kuogopa feni. Ndiyo maana ninaipenda njia hii kuliko nyingine zote.

Usipokuwa na pampu: funga kifuniko, washa gari, acha liungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, kisha chungulia kwa tochi kwa dakika 20 bila kufungua chochote. Usiondoke mapema: injini ikizimwa joto la ndani hupanda kidogo kabla ya kushuka, na matone mengi hujitokeza muda huo.

Ukiona tone, usiishie hapo. Maji hushuka na kusukumwa nyuma na upepo wa feni, kwa hiyo panapodondoka mara nyingi siyo panapovuja. Fuata unyevu kupanda juu mpaka upate sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Hapo ndipo.

## Hatua ya 5: Pa kuangalia

Kifuniko. Raba iliyopasuka au kukakamaa, au ukoko kuzunguka mdomo wa rejeta.

Mipira. Binya kila mmoja ukiwa baridi. Uliovimba, unaotoa sauti ya kukatika ndani, au uliolainika kupita kiasi karibu na klipu, umekwisha.

Rejeta. Angalia pale plastiki ya juu na ya chini inapobanwa kwenye alumini. Plastiki ikizeeka hubadilika kuwa ya kahawia, kisha hupata ufa mwembamba wa kama unywele ambao hufunguka kwa joto tu.

Wota pampu, inayosukuma maji yazunguke injini. Hapa tulia, kwa sababu ndipo wengi hupita bila kuona. Chini ya shafti ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa na mtengenezaji kwa makusudi: sili ya ndani ikianza kuchoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye bearingi. Ingiza kioo chini ya puli na umulike. Ukoko wa pinki unaotelemka kutoka kitunduni, au michirizi iliyorushwa na mkanda kwenye boneti na ukuta wa pembeni, maana yake sili imeshindwa. Shika puli uitikise gari likiwa limezimwa. Ikicheza, usisafiri nayo.

Usizibe kitundu hicho kwa gundi. Maji yatakwenda kwenye bearingi, pampu itajifunga, mkanda utakatika, na utakwama mbali na nyumbani.

Nyumba ya themostati. Kwenye 1NZ-FE iko kwenye bloku upande wa altaneta, imefichika. Tumia kioo.

Hita. Zulia la abiria likilowa na kunata, au kioo cha mbele kikipata ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi inavuja.

## Hatua ya 6: Nje pakavu, maji bado yanapungua

Sasa shuku gasketi ya silinda hedi, yaani ile ya kuziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Dalili zake:

- Mapovu yanayotoka mfululizo mdomoni mwa rejeta ukiwasha injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi. Zima mara tu ukishaona, kabla haijapata moto.
- Mipira inayokuwa migumu ndani ya dakika moja au mbili tangu kuwasha, kabla maji hayajapata moto.
- Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, usiokoma hata injini ikipata moto. Mvuke mwepesi wa asubuhi Mafinga au Limuru siyo ugonjwa, huisha wenyewe.
- Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki (fimbo ya kupimia oili).

Ukiona mojawapo kwa uhakika, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Usiendelee kuliendesha. Na utakapofika gereji, sisitiza hedi ipimwe kama imepinda kabla ya gasketi mpya kufungwa. Mpindo wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha kuua gasketi mpya, na hapo utakuwa umelipia kazi mara mbili.

Angalia pia oili ya giaboksi ya otomatiki. Kwenye magari mengi oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Ikipasuka ndani, oili na kulanti huchanganyika na kuwa uji wa pinki. Usiwashe gari tena, ita la kuvuta.

## Hatua ya 7: Tengeneza

Kwa kazi zote isipokuwa kifuniko, kwanza mwaga kulanti kwa kufungua kizibo cha chini ya rejeta, injini ikiwa baridi. Kizibo ni cha plastiki, kigeuze kwa mkono.

Kifuniko. Nunua chenye namba ileile ya presha. Kikubwa zaidi kitapasua mipira, kidogo zaidi kitamwaga maji mapema. Ni spea ya bei ndogo na huponya magari mengi kuliko watu wanavyodhani.

Mpira. Bana klipu kwa plaizi uirudishe nyuma. Zungusha mpira kwanza ndipo uvute. Ukigoma, uchane kwa urefu kwa wembe, taratibu, bila kukwaruza shingo ya plastiki. Sugua ukoko wote shingoni, kwa sababu mpira mpya juu ya ukoko wa zamani utavuja siku hiyohiyo. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, siyo juu yake. Silikoni haihitajiki hapa. Kufunga kwa mpira wa manati au waya ni kwa kukufikisha nyumbani tu.

Rejeta. Plastiki ikipasuka, badilisha. Gundi ya chuma hushika siku chache kisha huachia ghafla, mara nyingi kwenye mlima. Gari la otomatiki lina mirija miwili ya oili upande wa chini: iwekee vizibo mara unapoitoa, na ukimaliza pima kiwango cha oili ya giaboksi.

Wota pampu. Kwenye 1NZ-FE unalegeza bolti za puli mkanda ukiwa bado umebana, kisha unatoa mkanda, puli, halafu pampu yenyewe. Kwangua mabaki ya gasketi kwa kitu kisichochimba alumini, pangusa mpaka uso uwe mkavu, funga gasketi mpya. Bolti ni ndogo na alumini ni laini: kaza kidogokidogo kwa kupishana, wastani wa Nm 11, yaani nguvu ya kiganja, siyo ya mkono mzima. Ikiwa injini yako inatumia mkanda wa taimingi na pampu imekaa nyuma yake, mpe fundi. Kosa la jino moja linaweza kuharibu injini.

Themostati. Ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Irudishe kale kavalvu kadogo kanakocheza kakiwa juu, ili hewa ipite. Na ukiambiwa uitoe kabisa "ili gari lisichemshe", kataa. Injini itakaa baridi kuliko inavyotakiwa, itakunywa mafuta, na panapovuja pataendelea kuvuja.

Kuhusu dawa za kuziba, pamoja na manjano na yai: haziwezi kuchagua tundu. Zinaziba pia mirija membamba ya rejeta na ya hita, na baada ya hapo utakuwa na gari lisilovuja lakini linalochemsha. Sizipendekezi, isipokuwa uko porini na hakuna njia nyingine.

## Hatua ya 8: Jaza na utoe hewa

Kazi nzuri nyingi huharibikia hapa. Hewa ikibaki kwenye hedi, gari linachemsha ilhali rejeta imejaa, na mwenye gari anaamini bado linavuja.

1. Inua mbele kidogo, au egesha kwenye mteremko pua ikiwa juu, ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kabisa.
2. Weka hita kwenye moto wa mwisho.
3. Mimina taratibu. Binya mpira wa juu na wa chini mara nyingi huku ukimimina, mapovu yatatoka. Jaza mpaka mdomoni, na tanki la akiba mpaka mstari wa juu.
4. Funga kifuniko. Washa, acha mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Macho yasiondoke kwenye geji. Baadhi ya Toyota ndogo hazina geji bali taa ya bluu na nyekundu: nyekundu ikiwaka, zima papo hapo.
5. Acha ipoe kabisa, saa kadhaa. Fungua, ongeza.
6. Rudia mpaka ukifungua ukute maji hayajashuka.

Hita ikipuliza moto mfululizo na mipira yote miwili ikawa ya moto, hewa imetoka. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, bado hewa ipo.

Usijaze maji matupu kwa hoja kwamba kwetu hakuna barafu. Kulanti huzuia kutu, hulinda sili ya wota pampu na huongeza nyuzi za kuchemka. Nyuzi hizo zina maana kwetu: maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini kwenye mwinuko wa Nairobi, takriban mita 1,700, huchemka karibu na nyuzi 94. Gari lenye kifuniko dhaifu na maji matupu linaweza kuzunguka Kariakoo mwaka mzima, likaja kuchemsha siku ya kwanza linapopanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa.

## Utajuaje umefanikiwa

Maji yakishuka kidogo siku mbili tatu za mwanzo, usiogope, ni hewa ya mwisho inayotoka. Baada ya hapo maji yakae kwenye selotepu kila asubuhi, katoni iwe kavu, na mpira wa juu ubaki laini injini ikiwa baridi. Kisha lipeleke kwenye mlima au foleni ndefu, urudie ukaguzi wa Hatua ya 4. Likipita hapo, likabidhi safari.

## Likichemsha ukiwa njiani

Zima AC, washa hita kwa nguvu zote, tafuta pa kusimama, zima injini. Usimwagie injini maji ya baridi wala usiyatie ndani ikiwa ya moto, hedi itapinda au kupasuka. Fungua boneti usubiri, hata kama ni saa nzima. Na usidanganywe na geji iliyoshuka ghafla: maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki hewani na kinaweza kusoma baridi huku injini inaungua.

## Kulanti uliyoimwaga

Itie kwenye dumu lenye kifuniko, liandike kwa herufi kubwa SUMU, liweke juu watoto wasipofikia. Usitumie chupa ya maji ya kunywa au soda hata kwa usiku mmoja, na usiimwage mtaroni wala shambani. Ulizia gereji kubwa inayokusanya oili chafu kama inapokea na kulanti, na wakabidhi ikiwa kwenye dumu lake, bila kuichanganya na oili.